Mlango wa mto unaojaa na kupwa: mfano wa Sunderland Point

Mtu wa Pangani hahitaji maelezo marefu, amezoea kuona mto ukirudi nyuma. Bahari ikijaa huingia mtoni, huyasukuma maji baridi kuelekea yalikotoka, na chumvi ikafika mbali bara. Ikipwa, mto hushuka tena na kuacha tope wazi. Kipande hicho cha mto, ambako bahari bado ina amri, ndicho mlango wa mto unaojaa na kupwa. Usiuchanganye na delta kama ya Rufiji, ambako mto umerundika udongo wake baharini na kugawanyika matawi.

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza kuna mto Lune, unaopita Lancaster na kuishia kwenye ghuba ya Morecambe. Bahari huupanda hadi Skerton, pale pale Lancaster, ambapo ukuta mfupi uliojengwa kukatiza mto huizuia. Huku mdomoni kuna kijiji kidogo, Sunderland Point: safu mbili za nyumba kuukuu zinazotazama tope. Barabara ni moja, nyembamba, inatoka kijiji cha Overton na kupita katikati ya tope na majani ya chumvini. Maji yakijaa, barabara haipo. Yakipwa inaibuka tena, imelowa, mwani umelala juu ya lami.

Unguja bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupandisha maji kama mita 4 hivi. Ghuba ya Morecambe hukaribia mita 10. Tena maji hayaji kwa mbele kama mawimbi ya ufukweni. Hutangulia kwenye vijito vya tope, kimya kimya, yakamzunguka mtu ambaye bado anaona mchanga mkavu mbele yake. Na kwa kuwa kujaa husogea kama dakika 50 kila siku, saa ya leo ya kwenda dukani siyo ya kesho. Siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, kuna nafuu.

Pale ambapo kwetu pangeota mikoko, kule baridi haiiruhusu. Huota nyasi zinazostahimili chumvi, na kondoo wanazila.

Mwanzoni mwa karne ya 18 meli za Lancaster zilizofanya biashara na visiwa vya Karibi zilitia nanga hapa, maana kuupanda mto wenye kina cha kuvizia kulikuwa kubahatisha. Gati la Glasson lilipofunguliwa ng'ambo ya mto mwaka 1787, shughuli zikahamia huko. Upande wa magharibi, kwenye konde lililo karibu na maji, limebaki kaburi la kijana Mwafrika anayesemekana kuletwa na nahodha mwaka 1736 kama mtumishi wake. Hakuwa amebatizwa, kwa hiyo hakuzikwa kwenye ardhi ya kanisa. Maandishi ya kumkumbuka yaliwekwa 1796, miaka 60 baadaye. Siku hizi watoto huacha pale vijiwe walivyovipaka rangi.