Askari wastaafu wa Polisi na Zimamoto: daftari, usajili na taratibu za msiba

Vikundi vya askari wastaafu wa Polisi na Zimamoto nchini Tanzania vimekuwa vingi, vingi vyao vikiishi ndani ya WhatsApp, na malalamiko nayo yamekuwa mengi. Mwenzetu amezikwa, tumesikia baada ya arobaini. Michango haieleweki. Mjane anazungushwa. Ukiyafuatilia malalamiko haya, mengi chanzo chake ni kimoja: kikundi hakina daftari.

Orodha ya namba za simu si daftari. Kila mstaafu aandikwe majina yake matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA na, yakitofautiana, kama yalivyo kwenye barua ya ajira. Iandikwe namba ya askari pamoja na herufi yake. Kwa askari wa kike, WP isiachwe. Fuatisheni cheo alichostaafu nacho, kituo cha mwisho, mwaka wa kuajiriwa na wa kustaafu, mfuko unaomlipa, kijiji au mtaa anakoishi, na simu za ndugu wawili wasioishi nyumba moja. Wawili, kwa sababu msiba ukitokea simu ya marehemu huzimwa na ya mwenza wake haipokelewi. Jina la utani, hata kama ndilo lililojulikana kambi nzima, haliwezi kutafuta jalada la utumishi wake. Akina Juma Hamisi ni wengi. Namba ya askari ni moja.

Kwa wazimamoto kuna jambo la ziada. Kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, vikosi vingi vilikuwa chini ya halmashauri za miji na majiji. Aliyestaafu enzi hizo jalada lake laweza kuwa masijala ya halmashauri, na michango yake ilikwenda LAPF, mfuko wa pensheni wa serikali za mitaa. Tangu Agosti 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF imeunganishwa kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma, kwa hiyo kumbukumbu za michango ziulizwe huko. Askari polisi aliyestaafu kabla PSPF, mfuko wa watumishi wa serikali, haijaanza mwaka 1999 aanzie Hazina. Andikeni haya mapema, mhusika akiwa hai na anakumbuka.

Sasa fedha na usajili. Tunasikia mara kwa mara: "Sisi tulikuwa wasimamizi wa sheria, kikundi chetu hakihitaji kusajiliwa." Si kweli. Umoja wa watu kumi au zaidi unasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mtaandaa katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi wenye majina na saini zao, wasifu na picha za viongozi wakuu, na barua ya utambulisho ya Mkuu wa Wilaya. Maombi mengi hukwamia kwenye muhtasari: wajumbe kumi na wawili wameorodheshwa, saini ziko saba. Au katiba haisemi mali itakwenda wapi umoja ukivunjika. Msikimbilie kusajili kama NGO. Umoja wa kufaidiana wanachama si NGO. Kama mnaweka na kukopeshana, hicho ni kikundi cha huduma ndogo za fedha cha daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018: wanachama 10 hadi 50, na usajili hufanyika halmashauri. Kuendesha jumuiya isiyosajiliwa ni kosa la jinai, na cheo ulichostaafu nacho si utetezi mahakamani.

Askari mstaafu anapofariki, kiongozi wa kikundi amjulishe Mkuu wa Polisi wa Wilaya au Kamanda wa Zimamoto wa Mkoa siku hiyo hiyo. Heshima za mazishi huamuliwa na jeshi husika. Familia ikisubiri hadi jeneza liko njiani, hata ofisa mwenye nia njema hana muda wa kupanga lolote.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Tumelisema hili mara nyingi. Kifo kisajiliwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, ndani ya siku 30. Usimamizi wa mirathi huombwa mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, kwa cheti hicho na muhtasari wa kikao cha familia. Msimamizi akishateuliwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Na ieleweke: msimamizi si mrithi kwa sababu tu ya uteuzi huo, na mwenyekiti wa kikundi si yeyote kati yao. Kazi ya kikundi ni kumsindikiza mjane au mgane, si kupokea mafao kwa niaba yake.

Sare, kitambulisho cha kazi na vifaa vya jeshi hurudishwa mtu anapoacha kazi. Kilichobaki kabatini kipelekwe kituoni, mpeleke na mpewe hati ya makabidhiano. Kijana kuvaa sare ya baba kwenye kumbukumbu ya mwaka, hata kwa mapenzi tu, kwaweza kumfikisha mahakamani. Nishani ni jambo jingine. Ile ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema alitunukiwa yeye, familia iitunze.

Walio hai wakumbushane uhakiki wa wastaafu, ule wa kuthibitisha kwa alama za vidole kuwa mtu yu hai, maana asiyehakikiwa husimamishiwa pensheni. Vidole vya wazee hugoma kwenye mashine, hasa vyenye makovu ya moto. Mpelekeni ofisi ya mfuko, msimwache akate tamaa nyumbani. Anayepiga simu akitaka "hela ya kusukuma mafao" ni tapeli. Namba yake itumwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Vikundi vingi hukutana Julai 25, Siku ya Mashujaa, na wazimamoto Mei 4, siku yao ya kimataifa. Tunaomba siku moja kati ya hizo itumike kuandika wanachokijua wazee. Mabomba ya maji ya zimamoto mijini mengine yamefukiwa na lami, mengine yamejengewa vibanda juu yake. Mzimamoto aliyeyafungua kwa mkono wake anakumbuka yalipo. Tembeeni naye mtaani, andikeni jina la mtaa, umbali kwa hatua kutoka kwenye kona, na upande wa barabara, kisha nakala ikabidhiwe kituo cha zimamoto cha eneo hilo na jina la mzee liandikwe juu yake.