Kiti cha "kisasa" chenye umri wa babu: maana ya kiti cha chuma cha modanisti kilichorejeshwa

Ukikuta tangazo la mnada linasema "kiti cha saluni cha chuma, cha modanisti, cha zamani, kimerejeshwa", una haki ya kukuna kichwa. Usasa na uzamani vimekaaje kwenye kiti kimoja? Na saluni yenyewe ni ya kunyolea?

Saluni ndiyo nyepesi, tuimalize kwanza. Sisi tumelipokea neno hili likinukia mafuta ya nywele, lakini kwa Wafaransa ni chumba cha kupokelea wageni. Kiti cha saluni katika lugha ya wauza samani za kale mara nyingi ni kiti cha sebuleni: kipana, kifupi, cha kuegemea. Kile cha kinyozi, cha kuzunguka na kupandishwa kwa pampu, kina wapenzi wake, ila si hiki.

Modanisti ni kile cha mkondo wa modanizimu, ulioshika kasi Ulaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wafuasi wake waliona nakshi na vikorombwezo ni mzigo. Umbo la kitu, walisema, litokane na kazi yake na namna kinavyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1925 Marcel Breuer, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa shule ya sanaa na ubunifu ya Bauhaus mjini Dessau, Ujerumani, alivutiwa na usukani wa baiskeli yake. Kama bomba jembamba la feleji linakunjika vile bila kuvunjika, kwa nini lisibebe mtu aliyeketi? Akalichukua lile kochi zito la springi, akaliondolea nyama yote, akabakisha mifupa: mabomba yanayong'aa na vipande vya kitambaa vilivyovutwa vikakaza. Mwaka 1926 Mholanzi Mart Stam akaunganisha mabomba ya gesi kutengeneza kiti kisicho na miguu ya nyuma kabisa. Mwaka 1927 cha aina hiyo kikaonyeshwa Stuttgart, na Ludwig Mies van der Rohe naye akaleta chake, chenye mkunjo mpana unaonesa ukikikalia. Ugomvi wa nani mwenye wazo ulifika mahakamani, na mwaka 1932 mahakama kuu ya Ujerumani ikaamua upande wa Stam.

Si mabomba tu. Mfaransa Jean Prouvé, mwaka 1934, alikunja bati la chuma kutengeneza miguu ya nyuma iliyo minene na yenye uwazi ndani, kwa sababu mtu akiketi uzito mwingi huenda huko. Miguu ya mbele akaiacha mabomba membamba. Ukikitazama kiti kile unaona hesabu ya uzito kwa macho.

Sasa neno gumu: kurejeshwa. Kukarabati ni kufanya kitu kitumike tena. Kurejesha ni kukirudisha kilivyokuwa, na hapo ndipo mafundi hutofautiana. Kiti cha mbao cha zamani huthaminiwa kwa michubuko yake. Mikono ya waliokitumia imeandikwa humo. Kiti cha modanisti kilizaliwa na nia tofauti: king'ae, kionekane kimetoka mashineni, kisionyeshe mkono wa mtu. Basi ukikiacha na kutu umemheshimu nani? Na ukikipaka kromu upya, umekivua ngozi yake ya asili. Mimi huegemea upande wa kugusa kidogo, lakini nakiri kwamba wa upande wa pili wana hoja.

Ili kuelewa ubishi huo, jua kromu ni nini. Haipakwi kwa brashi. Chuma huzamishwa kwenye dawa na kupitishiwa umeme, kwanza kwa tabaka la nikeli, mara nyingine shaba chini yake, kisha kromu ambayo kwa kawaida haifikii unene wa elfu moja ya milimita. Kromu yenyewe haishiki kutu. Ina nyufa ndogo mno, maji hupenya, feleji ya chini huoza na kutu huchipuka juu kama vipele. Vipele vichache huondoka kwa kusugua taratibu na foili ya aluminiamu iliyoloweshwa maji, maana aluminiamu ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi. Kutu ikishatoboa mashimo, msasa hausaidii, unamaliza tu tabaka lililobaki.

Kupaka upya maana yake ni kukifungua kiti chote, kuondoa matabaka ya zamani, kung'arisha chuma kitupu, ndipo kirudi kwenye dawa. Kila mara unene kidogo wa bomba hupotea na pembe hulegea makali. Asidi ikibaki ndani ya bomba, italila kimyakimya toka ndani. Na dawa za kromu ni sumu kali. Hii si kazi ya kufanyia uani. Kuna kosa jingine linalofanywa kwa nia njema: viti vya mwanzo kabisa vilipakwa nikeli, yenye mng'ao wa joto unaoelekea unjano. Fundi akikirudisha kwa kromu yenye ubaridi wa bluu, ametengeneza kiti ambacho hakikuwahi kuwepo.

Usichanganye pia kilichorejeshwa na kilichotengenezwa upya kwa kibali. Kiti cha Breuer kilirudishwa sokoni na kampuni ya Gavina ya Italia miaka ya 1960, ndipo kikapewa jina la Wassily, kwa heshima ya mchoraji Wassily Kandinsky aliyekipenda. Ngozi nyeusi ambayo wengi huidhani ndiyo asili ilipata umaarufu wakati huo. Vya mwanzo vilivaa kitambaa cha uzi uliotiwa nta.

Kwa hiyo kipindue kiti kabla ya kuvutiwa na mng'ao. Chini ndiko kunakosahaulika kung'arishwa. Tazama skrubu: za kichwa cha msalaba zilianza kuenea miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta kwenye kiti kinachodaiwa ni cha 1928, ama kuna mtu alizibadilisha baadaye, ama tarehe ndiyo iliyobadilishwa.