Tunaoishi Nao Ndio Tunaowasikiliza Kidogo

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi zaidi katika ushauri nasaha ni fupi: "Hanielewi." Anayesemwa hapo huwa si mtu baki. Ni mume au mke, mzazi, binti aliyeanza kujifungia chumbani, bosi, au rafiki walioshibana kwa miaka. Tukimsikiliza na huyo wa pili, naye anatoa lalamiko hilohilo, kwa uchungu uleule. Na wote wawili wanasema kweli.

Nimeona niandike kuhusu hili kwa sababu tunapofundisha stadi za mawasiliano tunapenda kuanza na namna ya kuzungumza na wageni: kuhutubia, kufanya usaili, kujitambulisha. Huko watu hujiandaa. Tunakoumizana zaidi ni kwa watu wetu wa karibu, kwa kuwa tukiwa nao tunaamini tumeshaeleweka hata kabla hatujamaliza sentensi.

Mwaka 1990, Elizabeth Newton, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwapa watu kazi inayoonekana rahisi. Mmoja agonge mezani kwa kidole mdundo wa wimbo unaofahamika na wengi, mwenzake autaje. Waliogonga walikadiria kwamba nyimbo zao zingetambuliwa karibu nusu. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilizotambuliwa zilikuwa 3. Anayegonga anausikia wimbo mzima kichwani, maneno na vyombo vyake. Anayesikiliza anaambulia ko, ko-ko, ko.

Sasa tazama nyumbani. Asubuhi mke anasema, "Baba Neema, leo jioni tuna wageni." Kwake sentensi hiyo imebeba mambo chungu nzima: uwahi kurudi, umpitie mtoto shuleni, sebule ipangwe kwa sababu mimi nitakuwa jikoni. Mume amepokea taarifa, basi. Anajibu "Sawa," anatoka. Saa moja usiku anaingia, anakuta wageni wameshakaa, mtoto ameletwa na jirani, mkewe kanuna. "Si nilikuambia?" "Uliniambia kuna wageni, hukuniambia niwahi." Ugomvi unaofuata hauna mwongo ndani yake, ndiyo maana hauishi. Kila mmoja ana ushahidi.

Kama angekuwa anamweleza mtu asiyemfahamu, mama huyu angefafanua jambo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Kenneth Savitsky na wenzake uliwapima wanandoa kwa kauli zenye utata, zinazoweza kuchukuliwa hivi au vile. Katika kubaini maana aliyokusudia msemaji, wanandoa hawakuwazidi watu wasiojuana kabisa. Tofauti ilikuwa kwamba wao walidhani wameelewana kuliko walivyoelewana kwa kweli.

Wapo watu ambao kazi yao hairuhusu kudhania. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, visiwa vya Canary, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ukungu ulikuwa mzito na sababu zilikuwa zaidi ya moja, lakini mojawapo ilikuwa maneno ya redioni ambayo rubani aliyachukua kuwa ruhusa ya kuruka na mwongozaji wa ndege aliyekuwa uwanjani hakuyakusudia hivyo. Baada ya hapo lugha ya redioni iliwekewa kanuni kali zaidi, pamoja na utaratibu wa rubani kurudia agizo alilopewa ili mwongozaji asikie kilichopokelewa. Hospitalini pia wahudumu hufundishwa kumwomba mgonjwa aeleze kwa maneno yake jinsi atakavyotumia dawa.

Nyumbani hatuhitaji redio, ila tunahitaji tabia hiyo. Tatizo ni kwamba swali tulilolizoea, "Umenielewa?", halina kazi. Jibu lake siku zote ni "ndiyo", kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana mzito wa kuelewa. Geuza mzigo uuchukue wewe: "Sijui kama nimeeleza vizuri. Hebu tupange tena, nani anampitia mtoto?" Na ukiwa wewe ndiye msikilizaji, rudisha ulichosikia kabla ya kujibu: "Kwa hiyo unataka niwe nimefika kabla ya saa kumi na mbili, siyo?" Mwanzoni utajihisi kama unaigiza. Endelea tu. Sekunde kumi hizo zinaokoa jioni nzima.

Kusikiliza nako kuna ugumu wake wa kimaumbile. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Tanya Stivers walilinganisha mazungumzo ya kila siku katika lugha 10 kutoka mabara mbalimbali, wakaona kwamba muda kati ya mmoja kunyamaza na mwingine kujibu kwa kawaida ni karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Lakini ubongo huhitaji kama sehemu sita za kumi za sekunde kuandaa hata neno moja la kutaja kitu. Maana yake ni kwamba tunaanza kutunga jibu mwenzetu akiwa bado anazungumza. Huo si ukosefu wa adabu, ndivyo binadamu tulivyo. Ila jambo likiwa zito, inabidi ujizuie kwa makusudi: mwache amalize, kaa kimya kidogo, ndipo useme. Mara nyingi katika kimya hicho mtu huongeza sentensi moja, na hiyo ndiyo iliyomleta.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hatulioni kwa sababu tunalifanya kwa nia njema. Dada anarudi kazini anasema, "Leo bosi amenifokea mbele ya watu." Kaka yake anajibu, "Hata mimi wa kwangu ndivyo alivyo, juzi tu alinifanyia hivyohivyo." Amekusudia kumfariji, kumbe amechukua mazungumzo na kuondoka nayo. Mwingine anakimbilia suluhisho: "Acha kazi." Kinachosaidia ni kubaki kwake kwanza: "Pole. Alikuambia nini?" Kisha swali linalotokana na jibu lake, si swali ulilokuwa umeliandaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wanaouliza maswali ya kufuatilia hupendwa zaidi na wale wanaozungumza nao. Anayeulizwa vizuri anajua amesikika.

Habari njema nazo zinataka masikio, na hapa nadhani ndipo tunapopoteza nafasi nyingi zaidi. Shelly Gable na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba wenzi wanaopokea habari njema za mwenzao kwa furaha ya wazi na maswali huridhika zaidi na uhusiano wao. Mtu akisema "Nimepandishwa cheo," halafu akajibiwa "Basi sasa ndiyo hatutakuona kabisa nyumbani," hatagombana. Atatabasamu, atanyamaza, na habari ijayo ataipeleka kwa mtu mwingine.

Kwa vijana, acheni swali la "Za shule?" ambalo jibu lake ni "Nzuri" na mlango kufungwa. Uliza kitu mahususi alichokitaja jana. Vijana wengi huzungumza kwa urahisi zaidi mkiwa mnafanya kazi pamoja au mnatembea bega kwa bega kuliko mkikaa mnatazamana kama kwenye kikao cha nidhamu. Na kwa wazee: kabla hujamwita mzazi wako mkaidi asiyesikia la mtu, hakikisha amepimwa masikio.

Sasa nije kwenye kulalamika, maana uhusiano usio na malalamiko haupo. John Gottman na Robert Levenson, wanasaikolojia wa Marekani, waliwarekodi wanandoa wakijadili mambo wanayotofautiana na kuwafuatilia kwa miaka. Jambo moja lililojitokeza katika utafiti wa Gottman na Sybil Carrère wa mwaka 1999 ni uzito wa mwanzo: dakika tatu za kwanza za mabishano zilitosha kuashiria wanandoa gani wangekuja kuachana. Anayeanza kwa "Wewe kila siku uko hivyo" ameshambulia tabia nzima ya mtu, na anayeshambuliwa hujitetea. Kitendo kimoja, siku moja, na athari yake kwako vinatosha: "Jana ulipokaa na simu wakati nakueleza habari za mama, niliumia. Naomba tukizungumza mambo kama yale uiweke pembeni." Hapo mtu ana jambo la kujibu na jambo la kufanya.

Gottman pia aliona kwamba wanandoa wanaodumu, hata katikati ya mabishano, huwa na matendo mema kama matano kwa kila baya moja: mguso, kucheka pamoja, "hapo una haki". Na katika yote aliyoyapima, lililobashiri kuachana kuliko mengine lilikuwa dharau. Kusonya, kubetua midomo, kumwiga mtu sauti, kumsimanga mbele ya watoto. Hasira husameheka, lakini anayedharauliwa huondoka moyoni hata kama mwili bado uko nyumbani. Nasisitiza hili kuliko mengine yote niliyoyaandika hapa: kama kuna kitu kimoja cha kuacha leo, acha kusonya.

Mwili nao una kikomo. Moyo ukishaanza kwenda mbio, zaidi ya mapigo 100 kwa dakika ukiwa umekaa tu, uwezo wa kumsikia mwenzako na kufikiri sawasawa unapungua sana. Kuendelea kubishana katika hali hiyo ni kupoteza muda. Ombeni mapumziko ya angalau dakika 20, na anayeomba ataje wakati wa kurudi: "Nimepandwa na hasira, nitasema nisichokusudia. Tuongee baada ya chakula." Kuondoka bila kusema utarudi lini, halafu kununa siku tatu, ni adhabu na wala si mapumziko.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha yetu sasa iko kwenye simu, mambo mawili kwa haraka. Huenda umewahi kusikia kwenye semina kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na mwili, na maneno ni asilimia 7 tu. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967 kuhusu jinsi watu wanavyotambua hisia pale neno na sauti au uso vinapopingana. Haikuwahi kuwa kanuni ya mawasiliano yote. Maneno yana uzito mkubwa. Ila ni kweli kwamba maandishi matupu hupoteza mzaha na upole: katika utafiti wa mwaka 2005, watu walioandika barua pepe walitarajia wasomaji wangetofautisha kejeli na kauli ya dhati mara 78 katika 100, na ikawa 56, karibu sawa na kubahatisha. Jambo lolote linaloweza kuumiza, piga simu au subiri mkutane.

Haya yote, hata hivyo, yanawahusu watu wawili ambao kila mmoja anaweza kusema "sitaki" bila kuogopa. Pakiwa na kipigo, vitisho, kunyang'anywa simu au fedha, kukatazwa kuonana na ndugu, tatizo si mawasiliano. Tunawaona watu, wanawake hasa, walioshauriwa kwa miaka wazungumze kwa upole zaidi na wachague wakati mzuri, na kila mara wamepigwa vilevile. Anayepigwa hana sentensi aliyokosea. Amweleze mtu anayemwamini, afike kituo cha afya, polisi au ofisi ya ustawi wa jamii, na asilazimishwe kwenye kikao cha kusuluhishwa. Ndiyo sababu mtu anapotujia, kabla ya kumwita mwenzake tunamuuliza faraghani kama anamwogopa. Akisema ndiyo, hatuwakalishi chumba kimoja.