Kigugumizi: yasemwayo vijiweni na yaliyo kweli

Tanga mtu hupimwa kwa maneno yake. Ukipita barazani Ngamiani huwezi kutoa salamu moja ukaenda zako. Utaulizwa habari za nyumbani, za wazee, za kazi, na kila moja ina jibu lake. Posa hupelekwa kwa maneno, bei sokoni Mgandini hushushwa kwa maneno. Mwenye kigugumizi anaanza kutaabika tangu asubuhi, na juu ya taabu hiyo tumemrundikia uzushi.

Sote tulionywa utotoni: "Usimwige, utakipata na wewe." Hakiambukizwi kwa kuiga. Kumwiga mwenzio ni utovu wa adabu, na hiyo peke yake yatosha kumkataza mtoto. Wala hakiletwi na kushtuliwa. Chanzo kimo katika jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi hurithiwa. Uliza vizuri, utasikia kulikuwa na mjomba au babu aliyekuwa nacho. Huanza zaidi kati ya miaka 2 na 5, mtoto anapotoka kwenye neno moja moja kuingia kwenye sentensi. Karibu watoto 5 katika 100 hukipitia, na wengi kinawaacha. Kwa watu wazima hubaki kwa karibu mtu 1 katika 100, wanaume wengi kuliko wanawake.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Anajifanya. Mbona kwenye kaswida hakwami?" Kweli, hakwami. Mtoto yuleyule anayeshindwa kutaja jina lake mbele ya ustadhi, wakianza kusoma kwa pamoja chuoni sauti yake inatiririka kama ya wenzake. Si ujanja. Maneno ya kaswida keshayahifadhi, mahadhi yanampa mwendo, na sauti za wenzake zinambeba. Maongezi hayana hata kimoja kati ya hivyo: lazima atunge, achague neno na alitamke papo hapo, huku mtu anamkodolea macho. Ndiyo maana jina lake mwenyewe humtesa. Jina halina neno la badala.

Na hapo tunamharibia zaidi kwa kumsaidia. Kijana wa Makorora katumwa binzari. Yuko dirishani kwa muuza duka: "Ni-nipe bi-bi-bi..." Nyuma yake foleni. "Biskuti?" Kijana anaitikia kwa kichwa, analipa, anaondoka na biskuti asizozitaka, kwa kuwa kukubali ni kwepesi kuliko kuanza upya. Nyumbani anagombezwa kwamba hasikii anachotumwa. Alisikia vizuri sana. Hakupewa nafasi tu.

Wengine husema ni woga, au akili haijatimia. Wasiwasi huweza kukizidisha, lakini si mzazi wake, na akili haimo kabisa katika hesabu hii. Mfalme George VI wa Uingereza alikuwa nacho na alihutubia taifa lake wakati wa vita. Sisi Waislamu wa pwani tunaijua dua ya Nabii Musa ya kuomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, kisha tunamcheka mtoto wa jirani!

Kuna pia wanaowakataza bibi na babu kusema Kidigo au Kisambaa na mjukuu, ati lugha mbili zitamfunga ulimi. Hazimfungi. Mwacheni azisikie zote.

La hatari ni kimeo. Bado wapo wanaompeleka mtoto akakatwe kimeo ili aseme. Kile kinyama cha kooni hakihusiki na kigugumizi wala na kuchelewa kusema, na kisu cha mtaani huleta damu nyingi, maambukizi, hata kifo. Mtoto anayechelewa kusema kwanza apimwe masikio.

Akikwama, mama, usimwambie "tulia, vuta pumzi." Mtazame usoni kama kawaida, ngoja amalize mwenyewe, kisha umjibu alichosema, si namna alivyokisema. Nawe sema taratibu. Mwalimu aweza kumpa asome na mwenzake kabla ya kusoma peke yake. Kikizidi miezi 6, au ukiona anakaza uso na shingo, au ameanza kukwepa kusema, usingoje kikue naye. Wataalamu wa matamshi ni wachache nchini, lakini anzia kliniki ya watoto au hospitali ya Bombo, na uulize waziwazi nani anaweza kumwona.