Tuta lililoinuliwa ni nini, na lina faida gani kwa taragoni

Tuta lililoinuliwa ni sehemu ya bustani ambayo udongo wake umepandishwa juu ya usawa wa ardhi, kwa kawaida kwa sentimita 20 hadi 30 au zaidi, kisha ukazungushiwa mbao, mawe au matofali ili usiporomoke. Chini huachwa wazi, na hapo ndipo linapotofautiana na chungu cha maua, kwa kuwa mizizi huweza kushuka hadi ardhini. Wengi hulisifu kwa kupunguza maumivu ya mgongo wakati wa kupalilia, jambo ambalo ni kweli, lakini kazi yake kubwa ni kuyapa maji ya ziada njia ya kutokea.

Taragoni hudhihirisha hilo vizuri. Kiungo hiki, ambacho jina lake la kisayansi ni Artemisia dracunculus, ni ndugu wa pakanga. Huvumilia ukavu kiasi, ila hakistahimili maji yaliyotuama. Mizizi yake, ambayo ukiichimbua utaikuta imesokotana kama nyoka wadogo, ikikaa siku nyingi katika udongo wa mfinyanzi uliolowa huoza, huku majani yakinyauka kana kwamba mmea una kiu. Mkulima asiyejua huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Kwa sababu hiyo udongo wa tuta uwe mwepesi, wenye mboji kiasi na mchanga wa chembe kubwa au changarawe ndogo. Samadi nyingi haifai, kwani mmea hurefuka na kujaa majani laini yenye harufu hafifu. Tuta hukauka upesi kuliko ardhi ya kawaida, hivyo ni vyema kuchomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia, na kusubiri iwapo bado kuna unyevu sentimita chache chini ya uso. Jua la saa sita kwa siku linatosha, na nafasi kati ya shina na shina iwe sentimita 45 hadi 60.

Kosa linaloudhi zaidi, kwa maoni yangu, hutokea kabla hata ya kupanda. Taragoni ya Kifaransa, yenye ladha inayokaribia anisi (kiungo chenye mbegu za harufu tamu), ni nadra kutoa mbegu zinazoota. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa "taragoni" karibu kila mara huwa ni ya Kirusi, yenye nguvu shambani lakini ladha yake hafifu. Anayenunua mche na atafune jani moja: la Kifaransa huacha ganzi kidogo ulimini. Akishaupata, atauzidisha kwa vipandikizi au kwa kugawa shina pamoja na mizizi yake, kazi inayofaa kurudiwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kabla mizizi haijabanana na mmea kudhoofika.