Umbali wa safari za ndege: dhana potofu tunazozisikia Lamu

Wengi wetu hapa Lamu tuna ndugu ughaibuni, na kila anayesafiri kwenda kwao husindikizwa na maelezo ya barazani. Mengine si kweli, na yanawatia watu wasiwasi bure.

Dhana: Ndege ya Nairobi kwenda New York huzunguka ili kuikwepa bahari.

Hii huzuka kila abiria anapoonyesha picha ya ile ramani iliyo kwenye kioo nyuma ya kiti. Mstari umepinda, umepanda hadi Sahara, na watu wanasema rubani anaogopa maji. Sivyo. Dunia ni mviringo, ramani ni karatasi bapa. Weka rula kwenye ramani ya ukutani: mstari utapita Burkina Faso na Mauritania. Sasa chukua uzi, uukaze juu ya tufe la dunia kati ya miji hiyo miwili. Utapanda hadi Algeria na Morocco ndipo uingie Atlantiki. Uzi huo ndio njia fupi, kama kilomita 11,800. Ule wa rula ndio unaozunguka.

Zipo sababu nyingine za kupinda njia. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa na ndege za abiria zikalazimika kupita kando.

Dhana: Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo New York "inatujia" na kwenda ni haraka kuliko kurudi.

Ni kinyume. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Tofauti inaletwa na upepo. Kwenye kimo cha kilomita kama 10, juu ya Atlantiki ya kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi. Watu wa majahazi hawahitaji kufafanuliwa: kwenda ni upepo wa omo, unaokuja mbele; kurudi ni wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma. Kilomita ni zile zile.

Dhana: Tiketi inasema saa tano usiku hadi saa moja asubuhi, basi ni safari ya saa nane.

Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake. New York iko nyuma yetu kwa saa saba, au nane wakati wa baridi yao. Saa nane za tiketi ni saa 15 za kukaa kitini. Kwa mzee anayetumia dawa kwa saa maalumu, hesabu hii ifanywe na daktari kabla ya safari.

Dhana: Kilomita za ndege ni safari nzima.

Lamu hadi Nairobi angani ni kama kilomita 470. Lakini uwanja wetu uko Kisiwa cha Manda, na boti ya kuvuka haimo kwenye hesabu hiyo. Itengee muda wake.