Chini ya Lengai hakuna bahari ya moto

Juzi tena. Tuko Engare Sero, saa tano usiku, watu wanafunga kamba za viatu wapande Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaskazini mwa Tanzania, na kijana mbeba maji anawaeleza wageni kwamba mlima ule ni bomba tu: huko chini kuna bahari ya moto, ikijaa inafurika. Nimeyasikia haya darasani, kwenye daladala, hata msibani. Nimechoka.

Kutoka chini ya ganda la Dunia hadi kina cha kilomita 2,900 hivi ni mwamba mgumu. Mgumu, si uji. Mawimbi ya S ya matetemeko hayapiti kwenye kimiminika, na pale yanapita. Yanakomea kwenye kiini cha nje, ambacho kweli kimeyeyuka, lakini hicho ni chuma, na lava haitoki huko.

Hapo mtu hunibana: mbona mnasema mwamba huo unatembea? Unatembea, ndiyo. Chukua pande la lami iliyopoa. Ligonge nyundo, linapasuka. Liweke pembeni ulisahau, siku moja utalikuta limetandaa. Mwamba wa chini ndivyo ulivyo, ila kutandaa kwake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Tetemeko ndiyo nyundo.

Joto lipo tele, lakini uzito wa mawe ya juu unaubana mwamba usiyeyuke. Bonde la Ufa linapotanuka, mwamba hupanda, mbano hupungua, na sehemu yake ndogo huyeyuka. Haukuongezewa joto, umetuliwa mzigo. Sentensi hiyo watu huikataa kuliko zote, na hata mimi mara ya kwanza niliiona kiinimacho.

Na huo "moto" wa Lengai wenyewe? Nyuzijoto 500 hadi 600, kama nusu ya lava ya basalti, ile ya kawaida ya volkano nyingi. Mchana ni nyeusi na nyepesi kama oili chafu ya gari. Imejaa kabonati za sodiamu na potasiamu, ndugu wa magadi tunayotia kwenye maharage. Madini yake mojawapo yanaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe, kwa hiyo weupe wa kileleni si theluji. (Hilo nalo nimelijibu mara ngapi!) Ila ubaridi huo usikudanganye: Septemba 2007 mlima ulilipuka na kurusha majivu juu angani.

Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hii. Vitabu vinasema magma (mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini) ya kabonati hujitenga na ya silika, ile izaayo mawe ya kawaida, kama mafuta na maji, basi, ukurasa unafungwa. Sawa, lakini Kerimasi, jirani yake wa kusini aliyezimika, kabonatiti yake, yaani mwamba wa volkano uliojaa kabonati, ni ya kalsiamu. Wapo wanaosema nayo ilikuwa ya sodiamu, mvua ikaiosha. Kuna siku naamini, kuna siku naokota jiwe la Kerimasi nashindwa kuamini.

Yule kijana nilimweleza yote haya njiani. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Sasa mzee, wageni niwaambie ni magadi?"

Waambie.